NYOTA IKIPITA USIKU, USIMTAFUTE MCHAWI



Ndugu zangu wa Nachingwea, Ruangwa na popote mlipo, leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia dogo, kumbe linavunja udugu. Usiku wa kiangazi, mbingu ikiwa safi, mtu anaona nyota imechomoka na kuacha mstari wa moto. Kesho yake kukitokea msiba mtaani, maneno yanaanza: "Ile nyota ilikuwa ishara." Kutoka hapo ni hatua moja tu mpaka kwa mganga, na mganga hakosi jina la kutaja. Mara nyingi jina hilo ni la bibi kikongwe anayeishi peke yake.

Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kulikata jambo hili. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba usiku mmoja Mtume alikuwa amekaa na masahaba, ikapita nyota ikang'ara. Akawauliza walikuwa wakisemaje zama za ujahiliya. Wakajibu kwamba walikuwa wakisema usiku huo amezaliwa mtu mkubwa, au amekufa mtu mkubwa. Akawafundisha kwamba nyota hairushwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa yeyote.

Tena mwaka wa 10 Hijria alifariki mwanawe Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Zingatia hapa: mtu mwongo angenyamaza apate utukufu. Yeye, pamoja na majonzi yake ya mzazi, akawasahihisha.

Sasa hivi vimondo ni nini? Mwenyezi Mungu ameliumba jua na sayari zake, na pamoja nazo vitu vidogo vidogo visivyohesabika. Vipo vya mawe na chuma viitwavyo asteroidi, vingi vikizunguka kati ya Mirihi na Mshtarii. Zipo nyota mkia, ambazo ni barafu na vumbi. Zikilikaribia jua, barafu inageuka mvuke, unatoka ule mkia. Vijiwe na vumbi vikiingia katika hewa yetu kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde moja, vinawaka. Ile "nyota" uliyoiona mara nyingi si kubwa kuliko punje ya mchanga. Vile vikubwa ndivyo vinavyofika chini.

Na vimefika, tena karibu nasi. Kule Mbozi, mkoa wa Songwe, kipo kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16 na urefu wa mita 3 hivi. Wanasayansi walikijua mwaka 1930. Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mawe yaliinyeshea Mbale, na kijiwe kidogo kikampiga mtoto kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Hakuumia sana, alhamdulillah.

Lakini kisa cha Sudan kina somo zaidi. Tarehe 6 Oktoba 2008 mtazamaji wa nyota huko Arizona, Marekani, aliona asteroidi ndogo, upana wake kama mita 4, ikija duniani. Wakapiga hesabu, wakataja mahali na saa itakapoanguka. Haikufika hata siku nzima, alfajiri ya tarehe 7, ikapasuka juu ya jangwa la Nubia kama walivyosema. Baadaye Dkt. Muawia Shaddad na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walilipita jangwa kwa miguu wakaokota vipande vyake. Vikaitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa jina la kituo cha reli kilicho karibu. Kitu kinachopigiwa hesabu namna hiyo kinafuata kanuni aliyoiweka Muumba wake. Hakifuati ugomvi wa majirani.

Tutazame na historia yetu. Nyota mkia ya Halley, maarufu kuliko zote, hurudi kila miaka 76 hivi. Ilionekana 1910, ikaonekana 1986, na inatarajiwa 2061. Vita vya Maji Maji vililipuka 1905, nayo haijafika. Wapiganaji wa FRELIMO walipofanya mazoezi hapa Nachingwea miaka ya sitini, ilikuwa mbali huko. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 uliangushwa na mvua, udongo na mipango mibovu. Kila jambo lina sababu yake.

Atauliza mtu: mbona Qur'an imetaja vimondo kuwa ni vya kuwapiga mashetani? Ndiyo, na tunaamini bila shaka. Hilo ni la ghaibu, ametuambia Mwenye kujua ghaibu. Lakini nionyeshe aya au hadithi sahihi inayosema kimondo kinamtaja mchawi wa mtaa. Hakuna. Anayeongeza hilo anamzulia Mungu uongo, na uongo huo unaweza kumwaga damu ya mtu asiye na kosa.

Basi ukiona nyota imepita, mtukuze Aliyeiumba. Jua likipatwa, njoo tusali. Na ukisikia kidole kinanyooshwa kwa bibi wa watu, usikae kimya. Simama mlangoni kwake.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako, ni sadaka.