Mpango wa Uganda, ardhi ya Kenya

Jana usiku kikundi chetu cha kusoma kilikutana tena: sisi wa ualimu, wawili wa jiografia, mmoja wa theolojia. Mada ni Wayahudi na Afrika Mashariki.

Mwaka 1903, baada ya Wayahudi kuuawa kule Kishinev, waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimwambia Theodor Herzl awalete watu wake huku kwetu. Vitabu vinauita Mpango wa Uganda. Jamaa wa jiografia akafungua ramani: eneo lenyewe Uasin Gishu, iliko Eldoret ya leo. Kenya hiyo!

Wa theolojia akasema mtu anayekimbia kuchinjwa haulizi ardhi ya nani. Sawa, lakini anayeitoa je? Nikabisha mpaka sauti ikakauka. Wanandi, waliokuwa wakilisha mifugo huko, walipigana na Waingereza tangu 1895.

Wazayuni waliukataa mpango kwenye mkutano wao wa Basel, 1905. Oktoba hiyohiyo kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, akapigwa risasi kwenye kikao cha amani. Sisi wa Kitai mwaka huo tunaujua kwa Majimaji tu, na Wangoni walionyongwa Songea mwaka uliofuata.

Wiki ijayo tunasoma Abayudaya wa Mbale. Karibuni, chai mje nayo.