Jinsi Dawa ya Usingizi Inavyotambuliwa Katika Damu

Leo tutasoma habari za wataalamu waliotafuta njia ya kujua dawa iliyofichika ndani ya damu.

Mwaka 1903 Wajerumani wawili, Emil Fischer na Joseph von Mering, walitangaza dawa ya usingizi iitwayo barbitali. Iliwafaa wengi, lakini ikizidi kipimo huua. Baadaye zikaja nyingine. Diazepamu ilianza kuuzwa mwaka 1963. Basi, mgonjwa akiletwa hospitali naye amezimia, daktari atajuaje alimeza dawa gani, na kiasi gani?

Mwaka ule ule wa 1903, mjini Warsaw, Mrusi Mikhail Tsvet alieleza njia ya kutenganisha rangi za majani. Alijaza unga wa chaki katika bomba la kioo, akamimina rangi iliyokamuliwa katika majani. Rangi nyingine zilishikwa na chaki, nyingine ziliteremka upesi. Zikajipanga: kijani mahali pake, manjano mahali pake. Njia hii huitwa kromatografia.

Mwaka 1922, mjini Prague, Jaroslav Heyrovský aliyeyusha vitu katika maji, akapitisha umeme kwa kutumia matone ya zebaki. Aliona kwamba kila kitu hupokea umeme kwa nguvu yake. Mwaka 1959 alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Bomba lilitenganisha, ila dawa isiyo na rangi haikuonekana kwa macho. Umeme ulitambua, ila dawa mbili za jamii moja huweza kujibu karibu sawasawa. Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani, wakiwamo Peter Kissinger na Ralph Adams, walieleza chombo kidogo cha umeme kinachowekwa mwishoni mwa bomba. Pampu husukuma maji, kila kitu hutoka kwa zamu yake, na umeme hupima kiasi chake. Baadaye njia hii ilitumiwa kutambua diazepamu na jamaa zake.

Siku hizi ziko mashine nyingine pia, lakini mpango ni ule ule: tenganisha kwanza, kisha tambua.

Jambo hili latuhusu sote. Mtu aliyetiliwa dawa katika kinywaji ili aibiwe huweza kuamka hakumbuki neno. Damu au mkojo wake ukipimwa mapema, ushahidi hupatikana. Akichelewa, dawa huondoka mwilini.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Tsvet alitumia nini kutenganisha rangi?
2. Kwa nini njia moja peke yake haikutosha?