Ardhioevu

Ardhioevu ni eneo ambalo maji huamua udongo wake uweje, mimea gani iote na wanyama gani waishi humo. Istilahi hii, iliyozoeleka zaidi Tanzania, imeunganisha nomino ardhi na kivumishi -oevu, chenye asili moja na kitenzi lowa. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini katika mji wa jina hilo nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, unaipa maana pana: maji matamu au ya chumvi, yaliyotuama au yanayotiririka, ya kudumu au ya muda.

Neno kinamasi halitoshi, kwani hutaja tope tu. Kwa mfano, kusini mwa mkoa wa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Mto Luama unaopita Kabambare kwenda kumwaga maji katika Mto Lualaba hupungua wakati wa kiangazi, na mabonde yake hukauka. Mgeni akifika Julai ataona nyasi tu. Mvua zikirudi, kambare hutoka mtoni na kutaga mayai katika nyasi hizo zilizofunikwa na maji haba. Dimbwi likianza kukauka, kambare hupumua hewa kwa kiungo kilicho juu ya mashavu yake. Bonde likilimwa lote kiangazi, mavuno ya samaki hupungua mtoni, ingawa mto wenyewe haukuguswa.

Istilahi hii inahusu pia msitu unaofurika, wenye miwale na miti inayovumilia kusimama majini. Humo ndimo anamoishi mnyama aitwaye nzohe, ambaye kwato zake ndefu hupanuka asizame matopeni. Mashamba ya mpunga wa majaruba nayo huhesabiwa. Mpunga wa Maniema, ambao mwingi hulimwa nchi kavu kwa kutegemea mvua, haumo.

Maeneo ya Kongo yaliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, kama Virunga na Ngiri-Tumba-Maindombe, yako nje ya Maniema. Njia ya kulinda ardhioevu iliyo karibu zaidi na wanakijiji ni msitu wa jamii, ulioruhusiwa na amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014, usiozidi hekta 50,000. Ugumu uko kwenye mpaka: ukifuata ukingo wa miti peke yake, bonde la nyasi wanamozaliana samaki hubaki nje, wazi kwa jembe na kwa wachimbaji wa dhahabu. Hata kiangazi, mwisho wa mafuriko hujulikana kwa mstari wa tope uliokaukia kwenye magome, na kwa takataka zilizonasa vichakani. Mpaka unaofaa hupita nje ya alama hizo.