Minimoog: Ala Iliyoitoa Sauti ya Umeme Maabara

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliyetaka kutunga muziki kwa umeme alihitaji chumba kizima cha mitambo na subira ya fundi saa. Kazi hiyo ilifanyika katika vyuo vikuu na studio za redio, mbali na jukwaa. Mhandisi Mmarekani Robert Moog, aliyeanza ujanani kwa kuunda ala ya umeme iitwayo theremini, alibadilisha hali hiyo. Mwaka 1964, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, alibuni sinthesaiza ambayo volti ndiyo iliyoamuru kimo cha noti, ukali wake na nguvu yake. Mwaka 1968 Wendy Carlos aliitumia kupiga kazi za Bach katika albamu ya Switched-On Bach, nayo ikapendwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga maabara.

Hata hivyo, mtambo ule ulikuwa kabati kubwa lililojaa nyaya. Kila sauti mpya ilidai nyaya zichomolewe na kuchomekwa upya, jambo lisilowezekana mbele ya hadhira inayosubiri. Katika kiwanda cha Moog huko Trumansburg, jimbo la New York, mhandisi Bill Hemsath aliokota vipuri vilivyobaki, akaunda mfano wa kwanza wa ala ndogo. Baada ya marekebisho kadhaa ikapatikana Minimoog Model D, iliyotengenezwa hadi mwaka 1981.

Uhodari wa wabunifu wake ulikuwa katika kuchagua. Njia ya umeme waliiamua wao, wakaifunga ndani ya kasha la mbao. Ukiitazama paneli yake, sauti inasafiri kutoka kushoto kwenda kulia. Osileta tatu huzalisha mawimbi, kichanganyaji huyakutanisha, kisha yanapita kwenye chujio maarufu la Moog, ambamo jozi za transista zimepangwa moja juu ya nyingine kama vidato vya ngazi. Chujio hilo hupunguza masafa ya juu kwa desibeli 24 kila oktava, na ndilo chanzo cha ule unene ambao sikio huutambua mara moja. Kushoto mwa kibodi yenye funguo 44 kuna magurudumu mawili: moja hupinda noti, jingine huitetemesha.

Mapungufu hayakukosekana. Ilitoa noti moja tu kwa wakati, osileta zilihama joto lilipobadilika, na haikuwa na kumbukumbu yoyote. Mpigaji alichora mahali pa kila kitufe kwenye karatasi ili aipate tena sauti aliyoipenda. Lakini noti hiyo moja iliwafaa sana wapiga besi na wapiga solo. Bendi ya Kraftwerk iliitumia Ujerumani, na Bernie Worrell wa bendi ya Parliament akaipigia besi ya wimbo wa Flash Light, iliyobadilisha muziki wa fanki.

Kisha zikaja sinthesaiza nyingine: Prophet-5 ya mwaka 1978 ilileta kumbukumbu na noti tano kwa pamoja. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ikaleta teknolojia ya dijitali. Minimoog ikaonekana imepitwa na wakati. Lakini wanamuziki hawakuiacha, na mwaka 2016 kampuni ya Moog iliirudisha kiwandani, miaka 11 baada ya mwanzilishi wake kufariki. Sababu ni wazi: kila kitufe hufanya kazi moja, na mkono ukikigusa, sikio hupata jibu papo hapo. Ala inayomfundisha mpigaji kwa namna hiyo haichuji, hata zije nyingine zenye uwezo maradufu.