Grisi iliyoshinda kutu Kigoma

Juzi ufukweni hapa Dar es Salaam nilimkuta kijana akiilaani mashine ya boti yake, imeliwa na kutu kwa msimu mmoja tu. Nikaikumbuka Liemba.

Wajerumani waliiita Graf von Götzen. Julai 1916, walipokuwa wakiihama Kigoma, waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika ili adui asiipate. Lakini kwanza mafundi waliipaka mashine yake grisi nzito, kwani walitumaini kurudi kuichukua. Hawakurudi.

Kutu hailli chuma mpaka kiguswe na maji pamoja na oksijeni. Grisi iliziba njia hiyo. Wabelgiji waliiopoa meli, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mashine na boila zilikuwa bado zafaa! Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, kwa mvuke uleule.

Maji ya ziwa lile hayana chumvi, nakubali. Ya bahari huharakisha kutu. Basi nikamwuliza kijana aliisuuza lini kwa maji baridi. Akacheka. Bomba lilikuwa hatua kumi kutoka pale.