Minyororo, Njumu na Soksi

Historia ya gari huandikwa kwa kawaida kama historia ya injini na mwendo kasi. Mimi niliyefundisha Historia kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, kabla na baada ya kuwa mkuu wake, nimekuja kuona kwamba ipo nyingine iliyojificha chini ya gari, pale mpira unapogusana na ardhi. Eneo lenyewe ni dogo. Kila tairi la gari dogo hugusa barabara kwa sehemu inayokaribiana na kiganja cha mtu mzima. Juu ya lami kavu viganja hivyo vinne vinatosha. Juu ya theluji na barafu havitoshi, na watu wa nchi za baridi wametumia zaidi ya miaka mia moja kutafuta cha kuviongezea.

Jibu la mwanzo lililodumu lilitoka kwa Harry D. Weed wa Canastota, katika jimbo la New York. Inasimuliwa kwamba aliwaona madereva wakizungusha kamba kwenye magurudumu ili wasikwame katika matope na theluji. Tarehe 23 Agosti 1904 alipewa hataza ya minyororo ya tairi: miwili ya pembeni inayozunguka gurudumu, na mingine mifupi inayokatiza juu ya mpira. Busara yake ilikuwa katika kutoikaza mno. Mnyororo ukiachiwa nafasi ya kujisogeza kidogo kidogo tairi linapozunguka, hausagi mpira mahali pamoja.

Kamba zile alizoziona Weed nazijua. Katika miaka ya 1970, masika yakikolea huko Rungwe, udongo wa milimani uliteleza kama sabuni, na utingo wa lori alikuwa na kazi ya kulala kifudifudi matopeni akifunga minyororo, au kamba ya katani pale minyororo ilipokosekana. Theluji nimeiona kwenye picha tu, lakini gurudumu linalozunguka bila kwenda mbele nimelisukuma mara nyingi, tena nikiwa nimevaa shati jeupe la kazini.

Mnyororo una kasoro yake: unahitaji kitu laini wa kukizamia. Ukifika kwenye lami tupu unaiparuza, unajila wenyewe, na gari lote linatetemeka. Ndiyo maana dereva huambiwa asizidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha ashuke aufungue. Kwa mtu anayesafiri kilomita tatu za theluji na kumi za lami, hiyo ni adhabu.

Wafini ndio waliolifikiria upya tairi lenyewe. Mwaka 1934 kiwanda cha Suomen Gummitehdas, katika mji wa Nokia (ndiyo, Nokia ileile ambayo jina lake tulikuja kulijua kwa simu za mkononi), kilitoa tairi la malori lililochongwa kwa ajili ya theluji. Mwaka 1936 likaja la magari madogo, Hakkapeliitta, jina la wapanda farasi wa Kifini waliopigana katika Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648. Kisha katika miaka ya 1960 zikaenea njumu: vipande vidogo vya chuma kigumu vilivyopachikwa ndani ya mpira, mfano wa njumu za viatu vya kandanda. Sasa dereva hakuwa na haja ya kushuka na kufunga kitu. Aliwasha gari, akaenda.

Hapa ndipo historia inaponivutia zaidi, kwa sababu dereva alijinunulia mshiko na gharama ikaenda kwa watu wengine. Njumu, barafu inapokuwa haipo, huchimba lami. Barabara zikapata mifereji miwili inayofuata magurudumu, mvua ikituama humo, na magari yakateleza juu ya maji badala ya barafu. Jimbo la Minnesota lilizipiga marufuku mwaka 1971, na Ujerumani Magharibi ikafuata mwaka 1975. Huko Sendai, Japani, lami iliyosagwa ilipaa hewani kama vumbi, wakazi wakaivuta kwa mapafu yao, hata wale wasiokuwa na gari. Mkoa wa Miyagi ukatunga kanuni mwaka 1985, na mwaka 1990 likaja katazo la sheria ya nchi. Oslo haikukataza, mwaka 1999 ilianza kuwatoza ada wenye njumu.

Nilimweleza haya yote binti yangu, muuguzi huko Minnesota, mwaka aliponunua gari lake dogo la kwanza, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Alikuwa amesikia sifa za njumu kwa mfanyakazi mwenzake aliyetoka jimbo linaloziruhusu. Akanijibu, "Baba, shikamoo yako iko palepale, lakini mimi natoka kazini saa nane za usiku. Nikiwa mtaroni, hiyo lami ya watu itanisaidia nini?"

Swali hilo si la kijinga, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba sheria ni sheria. Tena Japani yenyewe inampa haki kwa sehemu. Njumu zilipoondoka, mitaa ya Sapporo ilianza kung'aa kama kioo, kwa kuwa matairi laini huisugua barafu badala ya kuikwaruza, na waendao kwa miguu wakaanguka kwa wingi kuliko zamani. Vumbi liliondoka mapafuni, mzigo ukahamia kwenye nyonga za wazee. Mwalimu anayesimulia katazo la mwaka 1990 bila kusimulia barafu ya Sapporo amefundisha nusu ya somo.

Hata hivyo tairi lenyewe halikubaki pale lilipokuwa mwaka 1971. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Mpira wa tairi la baridi hubaki laini, na kashata zake zimechanjwa mistari myembamba mingi ambayo kingo zake huikamata barafu. Tangu mwaka 1999 matairi yaliyofaulu jaribio la theluji hubandikwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mkoa wa Quebec, Kanada, ulianza kuyalazimisha mwaka 2008. Nilimwambia anunue manne. Akifunga mawili tu ya mbele, mbele kutashika na nyuma kutampita, hasa akishika breki kwenye mteremko.

Kuhusu minyororo, Minnesota inaruhusu pale usalama unapodai, lakini kitabu cha gari lake kiliikataza. Katika magari mengi madogo nafasi kati ya tairi na shokomzoba haizidi unene wa vidole viwili, na mnyororo uliolegea unaweza kukata mpira wa breki. Hapo ndipo soksi zilipoingia. Ni za kitambaa kigumu, zilianza kuuzwa na Wanorwe mwishoni mwa miaka ya 1990, na huvalishwa juu ya magurudumu yanayovuta gari. Hazidumu kwenye lami na hazifai kwa safari ndefu, ila kwa kupanda kilima kimoja hadi nyumbani zinafaa.

Alinunua matairi manne na jozi ya soksi. Mwezi Oktoba, kabla theluji haijaanguka, nilimtaka ajifunze kuzivalisha mchana, uani kwake, nami nikihesabu dakika kwenye simu. Mara ya kwanza alitumia dakika ishirini na moja, mara ya tatu nane. Nikamwambia arudie, safari hii gizani na akiwa amevaa glavu.