Dhiki: neno lenye kubana

Mtu akipiga simu na kusema "nina shida na wewe", hakuna anayeshtuka. Huenda anataka tu kuazima ngazi. Shida imechakaa kwa matumizi. Lakini akisema yuko katika dhiki, aliye upande wa pili hukaa vizuri kumsikiliza.

Dhiki ilitoka katika Kiarabu, *ḍīq*, yaani wembamba au ubanifu: njia finyu, chumba kidogo, kifua kisichopata hewa. Waarabu mpaka leo huita kukosa pumzi *ḍīq al-nafas*. Kiswahili kwa kiasi kikubwa kikauacha ule wembamba wa njia na chumba, kikachukua mbano wa maisha: kodi imefika, ada haijalipwa, unga umebaki wa kupika mara moja.

Ndipo utamu wa "baada ya dhiki faraja" unapoonekana. Faraja nayo ina asili ya Kiarabu, na shina lake lina maana ya kufunguka, kuachia mwanya. Kumbe methali hiyo inazungumzia pembamba na peupe! Wengi huitamka kila siku bila kuyaona hayo.

Jirani za dhiki hawafanani. Taabu ilianzia kwenye uchovu, shida kwenye ukali. Mateso ni mtoto wa nyumbani, kutokana na kitenzi tesa, na mara nyingi huwa na mtesaji nyuma yake, ilhali dhiki haimhitaji.

Kwa hiyo mhariri anayeandika "dhiki ya usafiri" kwa sababu basi limechelewa dakika kumi anatia chumvi. Hapo "usumbufu" unatosha.